Nilimkataa kamongo, mchumba wangu akageuka kaka yangu

Kosa ni langu peke yangu, na nawaomba msilitafutie mwenzake. Hakuna aliyenituma. Nilifungua mdomo wangu mwenyewe, mezani, mbele ya watu wazima, nikaongopa kuhusu ukoo wangu. Na yote hayo kwa sababu ya chipsi kuku.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea karibu na stendi ya Biharamulo. Kwetu ni Nyantakara, wazazi wangu ni wakulima wa kawaida tu. Jina langu sitaki liandikwe, maana wateja wangu wanasoma, na tayari wapo wanaonicheka nikiwa nawapima viuno.

Mchumba wangu nitamwita Deo. Ni mtu wa Ngara, fundi umeme, mpole kupita kiasi. Tulifahamiana alipokuja kuweka umeme kwenye chumba ninachoshonea, akarudi mara nyingi kukagua swichi ambayo haikuwa na tatizo lolote. Barua ya posa ilikuwa imeshaletwa kwetu na kupokelewa. Kilichobaki ni wazee wa pande mbili wakae, waulizane koo, wapatane mahari, tufunge ndoa.

Sasa kabla wazee hawajakaa, Deo akaniambia twende Bukoba wikiendi. Rafiki yake mmoja wa hukohuko, Projesti, alikuwa ametualika. Jamani, nilifurahi. Wenzetu wa Dar na Tanga wana bahari, sisi wa huku pwani yetu ni Bukoba. Nilijishonea gauni la maua, nikanunua na miwani ya jua. Kichwani nilikuwa nimeshakaa ufukweni, upepo wa ziwa unanipiga, mbele yangu chipsi kuku na soda ya baridi.

Nilichosahau ni Shangazi.

Shangazi Veneranda ni dada wa baba yake Deo, na ndiye aliyemlea. Aliposikia kwamba vijana wawili ambao hawajafunga ndoa wanakwenda kulala mji mmoja, akafunga mzigo. Basi kutoka Ngara lilipoingia stendi ya Biharamulo nikachungulia kumtafuta Deo, nikamwona Shangazi amekaa pembeni yake, kitenge kipya, rozari mkononi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo nyuma na huyo mama."

Ndivyo nilivyosafiri kwenda kupumzika na mchumba wangu, naangalia kisogo chake mpaka Bukoba.

Mama yangu alishanionya kwenye simu. Aliniambia, "Huyo shangazi ndiye mwenye neno kwao. Akikupenda umeolewa, akikukataa rudi ushone. Na kula kila utakachopewa. Msichana anayechagua chakula mbele ya wakwe anaonekana ana kiburi." Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, mimi kwenye kula sijawahi kumwaibisha mtu.

Jumamosi mchana Projesti akatupeleka mgahawa mmoja wa ufukweni, meza zimewekwa juu ya mchanga, ziwa lile pale. Meza ya jirani walikuwa wanakula chipsi kuku. Harufu ilikuwa inakuja moja kwa moja kwangu, nikawa nameza mate kama mtu anayemeza dawa. Dada wa kuhudumia akaja, nikafungua mdomo kuagiza, Projesti akainua mkono.

"Waitu, ndugu zangu, leo ninyi ni wageni wangu. Nimeshaagiza tangu asubuhi. Leo mtakula kitu cha Bukoba."

Nikaomba moyoni kiwe kuku.

Likaja bakuli kubwa lenye mfuniko. Projesti akalifunua mwenyewe, kwa mbwembwe. Ndani alikuwa kamongo.

Kama hujawahi kumwona kamongo, mfikirie nyoka aliyeamua kuwa samaki, halafu akaghairi katikati. Alikuwa amekatwa vipande vinene na ngozi yake, mchuzi unang'aa mafuta, na kichwa wamekiweka juu kabisa, mdomo wazi, kimeelekezwa upande wangu. Nilihisi miguu inataka kuondoka bila mimi.

Nikawaza haraka. Nikisema simpendi, nina kiburi. Nikisema naumwa tumbo, Shangazi atanipeleka hospitali na kukaa kitandani kwangu. Ndipo likanijia neno moja ambalo huku kwetu halipingwi na mtu, nalo ni muziro.

Kwa wasiotoka huku nitaeleza. Kila ukoo una muziro wake, yaani kiumbe ambaye watu wa ukoo huo hawamli tangu enzi za mababu. Ukisema kitu ni muziro wenu, hakuna anayekubembeleza wala kukuona unaringa. Sahani inaondolewa kwa heshima, unaletewa kingine. Na watu wa muziro mmoja ni wa ukoo mmoja, ni ndugu, hawaoani. Hilo la mwisho nalijua tangu nikiwa mdogo. Siku ile lilinitoka lote.

Sisi muziro wetu hasa ni pongo, mnyama ambaye sijawahi kukutana naye hata kwenye sahani ya mtu. Lakini pongo angenisaidia nini pale?

Nikamwangalia Shangazi. Alikuwa amekaa wima, ameshika rozari, macho kwenye bakuli, midomo ameibana. Nikadhani anasali kabla ya kula. Nikaona niwahi.

"Samahani shemeji Projesti," nikasema kwa sauti ya unyenyekevu, "mimi naomba niletewe kingine. Kamongo ni muziro wetu."

Deo akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa. Shangazi akageuka polepole.

"Kamongo? Muziro wenu?"

"Ndiyo, Shangazi. Tangu kwa babu."

"Hamumli kabisa?"

"Kabisa. Hata chungu kilichompika hatukitumii."

Macho yake yakawa makubwa. Nikajua nimempata, kwamba anashangaa kumbe bado kuna wasichana wanaojua mila. Nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Na akinaswa kwenye mtego, mnamwachia?"

"Tunamwachia, Shangazi."

"Mnamwomba radhi?"

"Tunamwomba radhi. Kwa magoti."

"Na mtu wenu akimla kwa bahati mbaya?"

Hapo nikaongeza chumvi, kwa nini nisiongeze? Nikamwambia babu yangu alimla harusini bila kujua, midomo ikavimba, ngozi ikabanduka mikononi, akapona alipopakwa dawa na bibi mmoja wa ukoo. Hakuna babu wa hivyo. Babu yangu mimi alikuwa anakula kila kinachoingia chunguni.

"Ngozi ikabanduka," Shangazi akarudia, na machozi yakaanza kumtoka. "Mana yanje, Mungu wangu. Ngozi ikabanduka."

Akasimama. Akachukua kiti chake, akakiweka katikati yangu na Deo, akakaa hapo. Kisha akanikumbatia.

"Deo, sogea huko. Huyu ni dada yako."

Kumbe kamongo ni muziro wao. Kumbe ile midomo aliyoibana ilikuwa inatafuta namna ya kukataa bila kumuumiza Projesti. Maskini Projesti hakujua, akakiondoa kile kichwa mezani kwa mikono miwili na kuanza kuomba msamaha kwa Kihaya na Kiswahili kwa pamoja.

Hapo ndipo ningesema, na haya ndiyo majuto yangu makubwa. Ningesema hapohapo, "Shangazi, nimeongopa, nilitaka chipsi," ningeaibika mara moja, yakaisha. Lakini Shangazi alikuwa ameshanishika uso.

"Babu yetu alikuwa na kaka yake aliyehama na ng'ombe wake kuelekea upande wa Biharamulo," akasema. "Hakurudi. Baba yangu alimtafuta mpaka anazeeka. Rakini leo nimewapata. Nimepoteza mkwe, nimepata mtoto."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Kwamba yule mzee hajapatikana, arudi kupotea? Nikaona nitasema kesho.

Chipsi kuku zililetwa. Zikakaa mbele yangu mpaka zikapoa. Deo hakula kitu. Alitoka akaenda kusimama kwenye maji na viatu vyake, mgongo umetugeukia, akawa anajifuta uso na kola ya shati. Nilimwona. Nikaendelea kunyamaza.

Kesho yake baada ya misa Shangazi akaninunulia kanga, akamnunulia na mama yangu, "wifi yangu ambaye sijamwona." Kwenye basi la kurudi akakaa na mimi. Njia nzima ananisimulia habari za ukoo ambao si wangu, na mimi naitikia. Tulipokaribia Biharamulo akaniambia nisijali, kuna mjane mmoja wa Ngara, mwanamume mwenye heshima zake, ana mashine ya kusaga, atamwambia habari zangu. Nikasema asante Shangazi.

Kwa siku kadhaa Deo hakupiga simu. Alipopiga alisema, "Hujambo, dada," halafu nikasikia anavuta kamasi. Nikashindwa. Nikamwambia yote, chipsi, kuku, pongo, yule babu wa kuvimba midomo. Akasikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atacheka.

"Uliniona nalia pale," akasema. "Chipsi ziko mbele yako. Ukaniangalia tu?"

Akakata simu. Hilo swali nimelitafutia jibu nikishona, nikila, nikiwa kanisani.

Nikapanda gari kwenda Nyantakara kwa baba. Nikapiga magoti nikaeleza. Baba alicheka kwanza, akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu kicheko kikakatika.

"Umeuza ukoo wako kwa chipsi?"

"Na kuku, baba."

"Toka mbele yangu."

Ila ni baba. Akatuma ujumbe Ngara kwamba binti yake ameongopa, muziro wetu ni pongo, wazee waje wakae kama ilivyopangwa. Na Deo naye, pamoja na hasira zake, akamwambia Shangazi ukweli. Unadhani Shangazi aliamini?

Aligoma. Akasema mtoto hawezi kutunga mambo yale, alijua hata kuomba radhi, alijua hata ngozi kubanduka. Akasema sisi tumeona ndoa inavunjika, sasa tunaukana ukoo ili ndugu waoane. Tena alikuwa ameshaanza kumtafutia Deo binti mwingine, mwalimu, mpole, anajua kulima na kupika. Huyo mwalimu sijawahi kumwona lakini nilimchukia kuliko nilivyomchukia kamongo.

Kwa bahati wazee wao walikubali kuja. Wakafika Nyantakara, wakapokelewa, wakakaa. Baba akataja ukoo wetu, akataja baba zake mpaka wale waliooza makaburini. Shangazi anatikisa kichwa tu. Baba akaapa. Shangazi akasema hata yeye angekuwa na binti angeapa.

Mwishoni mzee mmoja wa upande wao, mjomba wake Shangazi, akakohoa akasema jambo hili ni rahisi. Mtu wa muziro ule hawezi kumla kamongo akabaki salama. Basi binti ale. Akidhurika ni wetu sisi wa Ngara, tumtibu na ndoa tuisahau. Asipodhurika ni wao, tuongee mahari.

Wote wakasema ni kweli. Nikamwangalia Deo, ilikuwa mara ya kwanza kuonana naye tangu Bukoba. Hakutabasamu. Alisema tu, "Utamla?"

Nikasema nitamla.

Baba mdogo akawasha pikipiki kwenda sokoni Biharamulo, akarudi na kamongo mkavu wa kukaushwa kwa moshi, amekunjwa kwenye gazeti na mkia unatokeza nje. Mama akampika kwa nyanya na vitunguu. Wageni wakahamishiwa nyuma ya nyumba wasipate moshi wake, isipokuwa yule mzee aliyekaa mbali kidogo na kitambaa puani kama shahidi. Shangazi alisema hataki kuona, halafu nikaona jicho lake dirishani.

Bakuli likawekwa mbele yangu. Nilifumba macho, nikamkumbuka Deo alivyosimama majini na viatu, nikachukua pande la kwanza nikaliweka mdomoni. Nilishaandaa na ndoo.

Ndugu zangu, yule samaki ni mtamu.

Nasema ukweli, maana uongo nimeacha. Nyama laini, ina mafuta, moshi umemwingia vizuri, ule mchuzi unabaki kwenye vidole unaufuata. Nikala la pili. Nikamega ugali. Nikasahau wazee, nikasahau ndoa, nikawa nafyonza mifupa na kuitoa pembeni. Bakuli likaisha nikalifuta na tonge. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe inauliza, "Mama, chunguni kumebaki?"

Wakanisubiri. Wakaangalia midomo, wakaangalia mikono. Mzee akaniambia nitoe ulimi, nikautoa. Kitu pekee kilichotokea ni kwamba nilibeua.

Shangazi akatoka nyuma ya nyumba analia. "Si wetu huyu," akasema. "Wetu angekuwa ameshaanguka." Akalia kwa muda mrefu, na nilijua halii kwa ajili yangu. Alikuwa anamlilia tena yule kaka wa babu yake. Nilimwomba msamaha nimepiga magoti, kamongo bado ananukia mdomoni, akaniambia nisogee kwanza nikanawe.

Nilipokwenda kunawa Deo akanifuata na jagi. Akanimiminia maji mikononi. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia tena, kumbe anacheka. "Umeomba na nyingine," akasema. "Mbele ya mjomba." Hapo ndipo nilipojua nimeolewa.

Na kweli tulifunga ndoa. Mshereheshaji alinitambulisha kama "dada wa bwana harusi" na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Ngara nikipita sokoni wananiita Mama Kamongo. Haya yote nimeyakubali, nilijitakia.

Sasa sikieni adhabu yangu yenyewe, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nina mimba. Na mimba hii haitaki embe bichi, haitaki udongo, haitaki ndimu kama mimba za wenzangu. Inataka kamongo. Naamka nanusa moshi wake wakati hakuna moshi. Nimeshawahi kusimama mbele ya muuza dagaa sokoni nikalia, mama wa watu akaniuliza kama nimefiwa.

Na nimeolewa kwao. Chungu cha kumpikia haruhusiwi kuingia nacho mtu kwenye nyumba hii. Nikisema nikajifiche nile mbali, huyu aliyeko tumboni ni mtoto wa Deo, wa ukoo wao, na kamongo ni muziro wake hata kabla hajapata jina. Nikimla namlisha mtoto muziro wake. Nisipomla, sijui nitafikaje mwisho. Nikimwambia Deo hii hamu, atamwambia Shangazi. Nikimwambia Shangazi, nani ataniamini mimi tena ninapotaja jina la yule samaki?

Na Shangazi amehamia kwetu kunitunza. Ananipenda, simsingizii. Kila asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda, ananishika tumbo, ananiuliza kwa upole, "Mwanangu, unatamani kula nini leo?"

Nasema ndizi, Shangazi.

Wewe unayesoma hapo, hasa dada yangu uliyechumbiwa na unayekwenda kula nje na watu wa kwa mwenzio, nakuomba. Ukiletewa usichokipenda, sema sikipendi. Waache wakuone una kiburi, kiburi kinasameheka baada ya chai ya jioni. Ukoo wako uache ulipo. Na ukishaongopa, usisubiri kesho, sema kabla sahani haijapoa, kabla mtu hajakwenda kusimama majini na viatu.

Naishia hapa, naitwa jikoni. Ndizi zimeiva, na sizitaki.